Swali la lugha: Mwisho huu ni wa nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kila nikianza kuongea na mtu mpya kwenye programu ya ujumbe, naambiwa jumbe zangu "zimesimbwa kwa njia fiche mwisho hadi mwisho". Kusimba ni Kiswahili kweli? Au tuseme kufumba? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kusimba ni Kiswahili, na simba wa porini hahusiki. Ni ndugu wa msimbo, kama msimbo wa posta: alama zinazosimama badala ya kitu. Na kwa kuwa msimbo wa posta si siri ya mtu, wafasiri wakaongeza "fiche", kutokana na kuficha, tujue kuna kitu kimesetiriwa. Neno limekuwa refu kama treni ya mizigo, lakini mzigo linao. Nimelisamehe.

Ila wewe umeuliza habari za kichwa, na ugonjwa uko mkiani. "Mwisho hadi mwisho"!

Panda daladala yoyote. Konda akisema "mwisho wa gari", abiria wote wanashuka, hata aliyesinzia anaamshwa. Hakuna gari linaloondokea mwisho. Kitabu tunakisoma mwanzo hadi mwisho, ngoma tunaicheza mwanzo hadi mwisho, na hata ndoa mbaya ina mwanzo wake. Kiingereza kina neno moja kwa mwisho wa safari na kwa ncha ya kamba. Mfasiri akachukua maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi, akaenda kula chakula cha mchana. Kamba kwetu ina ncha mbili. Fimbo ina ncha mbili. Miisho miwili sijui inapatikana wapi.

Usidhani nateta na vivuli. Shangazi yangu wa Pangani alinunuliwa simu janja na wanawe. Siku ya kwanza alitaka kuniandikia salamu, akayaona maandishi hayo, akaacha kuandika na kunipigia.

"Baba, imeniandikia mwisho. Tena mara mbili. Ndiyo bando limekwisha?"

"Hapana, shangazi, bando lipo."

"Sasa mwisho wa nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba ninachokiandika mimi anakisoma yeye tu, hata wenye programu hawawezi kukisoma. Akanikatiza: "Kumbe wamefumba! Si wangesema wamefumba."

Hajaona mlango wa chuo kikuu, na neno alikuwa nalo mdomoni. Tunafumba macho, tunafumba mkono, tunafumba maneno. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Utotoni tulisema kinyume, silabi ya mwisho ikitangulia mbele: siri ikawa risi, kesho ikawa shoke, pesa ikawa sape. Tukapanga kwa kinyume mbele ya mama namna ya kukwepa kazi, naye akatujibu kwa kinyume hichohicho, kwa kasi kutushinda. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba fumbo ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni nani mwenye ufunguo. Na kanga je? "Usisafirie nyota ya mwenzio" inapita uwanjani, mtaa mzima unaisoma, na anayechomwa ni mmoja. Watu wenye urithi huu wote ndio wanaoletewa "mwisho hadi mwisho". (Wazungu wenyewe, walipotaka neno la maandishi ya siri, waliazima sifr ya Kiarabu, iliyotupa sisi sifuri. Hawakuona haya kuazima. Sisi tunaona haya kutumia chetu.)

Na suala la ufunguo si mapambo. Katika programu kama Signal, ujumbe unafungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji. Njiani unapita kwenye mitambo ya kampuni kama kasha lenye kufuli, na mchukuzi hana ufunguo. WhatsApp nao walikamilisha kuuweka mfumo huohuo kwa watumiaji wao wote Aprili 2016. Mchukuzi bado anaweza kujua kasha limetoka kwa nani kwenda kwa nani na saa ngapi, ila ndani haoni. Telegram ni habari nyingine: kufuli la namna hiyo liko kwenye maongezi ya siri, ambayo sharti uyafungue mwenyewe. Maongezi ya kawaida na makundi yamefumbwa pia, lakini kutoka kwako hadi kwenye mtambo, na kutoka kwenye mtambo hadi kwa mwenzako, na mwenye mtambo ana ufunguo. Sasa niambie, "mwisho hadi mwisho" inamtenganishiaje shangazi yangu mambo haya mawili? Mtambo nao si mwisho wa kipande cha kwanza cha njia? Taja watu, na kila kitu kinakaa sawa: umefumbwa toka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji.

Wataniambia ni maneno mengi kwa kioo kidogo cha simu. Kioo kilichobeba "zimesimbwa kwa njia fiche" hakiwezi kuja kwangu na malalamiko ya nafasi.

Kwa hiyo, msomaji wangu: kusimba sema ukipenda, utaeleweka na wahandisi. Kufumba sema, utaeleweka na wahandisi na Pangani. Mwisho hadi mwisho waachie makonda.

Nimeona pia umeandika "jumbe zangu". Ujumbe mmoja ni ujumbe, na ukizidi ni ujumbe mwingi. Jumbe ninayemjua mimi ni yule wa enzi za Wajerumani, aliyekuwa chini ya akida, akizunguka vijijini kudai kodi, na wingi wake ni majumbe. Hilo tuliache hadi wiki ijayo, daktari amenikataza kuyashika mawili kwa siku moja.