Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Peke Yako

Swali: Mhariri, ninapiga adungu (kinubi cha nyuzi kadhaa), endingidi na ngoma, nami nataka kurekodi nyimbo za wazee peke yangu, ala moja baada ya nyingine. Nianze na ala ipi? – Msomaji, Arua

Jibu: Ndugu msomaji, anza na adungu, kwa sababu kila uzi wake ukishakazwa hutoa sauti moja tu, ilhali endingidi, yenye uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, hutafutiwa sauti kwa kidole na kwa hiyo huweza kuifuata adungu. Wengi hutanguliza ngoma. Mimi sishauri, kwani mwimbaji wa nyimbo hizi huchelewa au huharakisha kulingana na maneno, na mdundo uliokwisha kurekodiwa humfunga. Mvua ikianza kupiga mabati, acha kabisa, maana kelele hiyo haiondolewi baadaye bila kuharibu sauti ya nyuzi.