Muulize Mfamasia: Sindano imempinda shingo, tuache dawa za akili?

Wadau habari zenu, mwezi huu kapu zima limejaa maswali ya dawa za akili, sijui kimetokea nini huko mitaani, basi tujibu hayo hayo, wa presha na vidonda vya tumbo mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

Shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alianza kusikia sauti na kuongea peke yake, hospitali wakamchoma haloperidoli na kumpa vidonge vya kwenda navyo. Kesho yake jioni shingo ikajipinda, macho yakapanda juu hayashuki, ulimi unatoka nje. Mama akasema ni majini yamekasirika, akaitwa shehe akamsomea mpaka usiku, hola. Nesi jirani ndo alikuja na dawa yake shingo ikarudi. Sasa nyumbani hawataki kusikia dawa ya hospitali. Tufanyeje? – Dada mtu, Tanga

Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Hayo sio majini, ni sindano. Haloperidoli ilitengenezwa mwaka 1958 kule Ubelgiji kwenye maabara ya Paul Janssen na kazi yake ni kuzuia kemikali ya ubongo inaitwa dopamini, ambayo ikivurugika mtu anaweza kuanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndo inasaidia kuongoza misuli, na sindano haichagui, inazuia huku na kule, kwaiyo misuli ya shingo, macho, taya hata mgongo inajikaza yenyewe. Inawapata zaidi vijana, hasa wa kiume, na huwa inakuja ndani ya masaa au siku chache za mwanzo, yani huyo mdogo wako ndo mlengwa kabisa. Na kibaya zaidi muda wote ule akili yake ipo, anawasikia mnavyobishana kama ni jini la bahari au la mlimani.

Dawa aliyoleta nesi bila shaka ni Artane au sindano ya promethazini, zote zinafungua misuli, sindano haimalizi nusu saa kwa kawaida. Shehe kusoma haina ubaya, asome, ila Artane itangulie. Na siku ikitokea koo linabana au anapumua kwa kukoroma msingoje mtu yeyote, ni hospitali muda huo huo hata kwa bodaboda.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema. Pale dirishani ni dakika moja tu, "shingo ikikaza rudini haraka, inatibika", basi, familia nzima isingekimbia dawa. Wenzangu mnaogawa dawa mnanisikia.

Sasa kuacha au kuendelea. Mwaka 2012 Stefan Leucht na wenzake walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet hesabu ya tafiti 65 za wagonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini vitu visivyopo, ambao walishatulia kwa dawa, wengine wakaendelea nazo na wengine wakapewa kidonge kitupu kisicho na kitu ndani. Ndani ya mwaka mmoja ugonjwa ulirudi kwa 27 katika kila 100 walioendelea, na 64 katika kila 100 walioachishwa. Tofauti hiyo sio ndogo jamani. Ila kazi hiyo hiyo inasema matatizo ya misuli na kujongea yaliwapata 16 katika 100 wa dawa na 9 kwa wale wa kidonge kitupu, na kunenepa 10 kwa 6, kwaiyo anayewaambia dawa hizi hazina madhara naye anawadanganya.

Mdogo wako hata hajaambiwa kama ni skizofrenia, mara moja haitoshi, inaweza kuwa bangi au homa iliyopanda kichwani au kitu kingine kabisa, apimwe vizuri. Mrudisheni, mwelezeni daktari hatua kwa hatua shingo ilivyopinda, muombe dozi ipungue au abadilishiwe, zipo risperidoni na olanzapini ambazo kwenye misuli ni afadhali, ila olanzapini inaleta njaa ya ajabu na sukari inaweza kupanda kwaiyo muwe mnampima uzito na sukari. Na Artane usimwachie pakti nzima mkononi, kuna vijana wanaimeza kutafuta stimu.

Bibi yetu ana miaka 74, tangu babu afariki anameza Valium, dawa ya kutuliza na kulaza, ya miligramu 5 kila usiku, ni miaka 9 sasa. Ameshaanguka bafuni mara mbili. Juzi nimemnyang'anya pakti nikaitupa, tangu hapo halali, anatetemeka na analowa jasho. Nimefanya vizuri? – Mjukuu, Ilala

Mrudishie leo, usingoje kesho. Nia yako nzuri ila hapo umemuingiza bibi kwenye arosto, ndio, arosto ile ile ya mateja, maana ubongo umezoea Valium kwa miaka yote hiyo na ukiikata ghafla mtu hatetemeki tu, anaweza akapata degedege. Akishapata dozi yake ya kawaida mpeleke kwa daktari mpange kushuka taratibu, mara nyingi inapunguzwa kama sehemu moja ya kumi ya dozi kila wiki moja au mbili, na kule mwishoni mnaenda polepole zaidi, inaweza kula miezi mingi na sio kosa la mtu.

Kuhusu kuanguka umeona sawasawa. Valium kwenye mwili wa mzee haitoki haraka, ya jana bado ipo ya leo inaingia, inajilimbikiza, bibi anaamka usiku kwenda chooni miguu imelegea na kichwa kizito, na nyonga ya miaka 74 ikivunjika unajua wenyewe. Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, mwaka 2020 iliagiza maelezo rasmi ya dawa zote za kundi la Valium yawe na onyo kali kuhusu uteja na arosto, na dawa yenyewe ipo sokoni tangu 1963! Alafu kitu kimoja, kama kuna siku anapewa tramadol ya maumivu mwambie daktari, hizo mbili pamoja zinaweza kuzima pumzi usingizini, pombe vile vile.

Ila nauliza na mimi, miaka 9 hiyo pakti ilikua inatoka duka gani bila cheti? Sitaki jina, wenyewe wanajijua.

Nimepewa fluoksetini, daktari kasema nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni iliyozidi. Mtandaoni nimesoma hizi dawa ni biashara ya makampuni, tafiti wanajilipia wenyewe na hazizidi kidonge feki. Kweli? Na nitakuwa teja? – Mwalimu, Mbeya

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi, ila hitimisho limeruka mbali. Zamani hakuna hata aliyekuwa anatafuta dawa ya sonona, mwaka 1952 hospitali ya Sea View kule New York walikuwa wanajaribu dawa ya TB inaitwa iproniazidi, mara wagonjwa wakaanza kuchangamka na kucheza muziki wodini, mapafu bado mabovu lakini watu wana furaha, ndo madaktari wakashtuka kumbe kuna kitu humu.

Tuje kwenye hesabu. 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake walikusanya tafiti 522, watu wazima 116,477, dawa 21 za sonona, na zikiwemo tafiti ambazo makampuni hayakuwahi kuzichapisha. Dawa zote 21 zilizidi kidonge kitupu, fluoksetini yako ikiwemo. Zilizidi kwa kiasi gani? Kiasi cha wastani, sio muujiza, na nyingi zilipima kama wiki 8 tu, kwaiyo zinasema machache kuhusu mtu anayemeza miaka mitano. Hayo yote ni kweli kwa pamoja, shida ya mtandaoni kila mtu anachukua nusu inayomfurahisha.

Na uchafu upo, sikufichi. Utafiti namba 329 wa paroksetini, dawa nyingine ya sonona, kwa vijana ulichapishwa 2001 ukisema dawa ni nzuri na salama, 2015 watafiti wengine wakachambua upya takwimu zile zile kwenye jarida la BMJ, wakakuta haikusaidia na ilikuwa na madhara. Kampuni yenye dawa hiyo, GSK, 2012 ilikubali kulipa dola bilioni 3 Marekani kwa makosa kadhaa, likiwemo la kuitangaza paroksetini kwa watoto bila kibali. Kabla ya hapo, 2004, FDA ilishakuta mawazo na vitendo vya kutaka kujiua kwa watoto na vijana 4 katika 100 waliopewa dawa hizi na 2 kwa waliopewa kidonge kitupu, hakuna aliyekufa kwenye tafiti hizo lakini ndo maana kijana akianzishiwa anatakiwa aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo. Na wewe mtu mzima mawazo hayo yakikujia usikae nayo peke yako, mwambie mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Uteja hapana. Hutaitamani, hutaiba simu ya mtu ukainunue. Ila usiache ghafla, watu wanapata kizunguzungu na kama shoti za umeme kichwani, fluoksetini ina nafuu maana inatoka mwilini polepole, paroksetini ndo kiboko. Usitegemee kitu siku ya tatu, wiki mbili hadi nne ndo utaanza kujiona, tumbo litavuruga kidogo mwanzoni, na mambo ya chumbani yanaweza kupoa, hilo wengi wanaona aibu kusema kisha wanaacha dawa kimya kimya. Sema, inabadilishwa.

Na vidonge sio njia peke yake. Harare kule Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha wahudumu wa kawaida wa afya, wengi wao mabibi, wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki wakiongea namna ya kutatua shida moja moja. Matokeo yalitoka 2016, baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika 100, na kama 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kwaiyo uliza hospitali kwako kama kuna mtu wa ushauri, meza na uongee.

Natumia Tegretol ya baipola (ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kihisia) na nina kijiti cha uzazi mkononi, mbona nimeshika mimba? – Mama wawili, Mwanza

Hongera na pole kwa pamoja. Tegretol inalifanya ini liunguze homoni za kijiti haraka kabla hazijafanya kazi, vidonge vya majira vile vile, na nesi wa uzazi alitakiwa akuulize unatumia dawa gani. Usiache Tegretol mwenyewe, nenda kliniki wiki hii na pakti yako mkononi, uliza habari ya foliki asidi, na kijiti kitolewe. Wakitaka kukubadilishia usikubali kirahisi valproeti, dawa nyingine ya baipola, hiyo mtoto 1 katika kila 10 anazaliwa na kilema na 3 mpaka 4 katika 10 wanachelewa kukua kiakili. Ukishajifungua, kitanzi au sindano ya miezi mitatu, Tegretol haivigusi hivyo.