Majani yanayogeuka rangi, anzia hapo dada

Hongera kwa darasa jipya dada. Umeuliza watoto wa darasa la pili huko Minnesota wafanye nini vuli hii zaidi ya kupaka rangi, mi nakushauri watoe nje kwanza, kila mmoja aokote majani ya mti wa maple, ya kijani na yaliyogeuka, mrudi ndani muyapange. Sasa hapo ndo utamu, yale ya kijani yachaneni vipande vidogo, weka kwenye glasi, we mwenyewe mimina spiriti (watoto wasiiguse, na fungua madirisha), chovya ncha ya karatasi ya kuchujia kahawa uache masaa kadhaa. Utaona kijani imepanda na njano nayo imejitenga! Yani ile njano ilikuwemo siku zote, klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ndo ilikuwa inaifunika, mchana ukifupika mti unaacha kuitengeneza hiyo klorofili. Nyekundu ni tofauti, hiyo mti unaitengeneza msimu huohuo.

Boga nalo lisikose, wakisie mbegu kisha wazihesabu kumi kumi.

Na kama una mtoto aliyetoka kwetu juzijuzi tafadhali usimsahau, mpe nafasi awaeleze wenzie kwamba kwao vuli ni mvua.