Uliza Anti: Mtoto halali mpaka saa 4 usiku, nifanyeje?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu na nusu na ndo huyu anayenitoa jasho kila usiku. Saa 2 namuingiza kitandani, nazima taa, hapo ndo mambo yanaanza, mara maji, mara kojo na tukifika chooni hata tone halitoki, mara mama stori moja tu ya mwisho, mara mguu unaniwasha. Mwishowe najilaza nae, ananikumbatia mkono, nikisikia pumzi zimetulia nauchomoa taratibuuu, nanyata, nikigusa tu kitasa nasikia "mama unaenda wapi?" Kulala kwenyewe analala saa 4 kasorobo, afu usiku wa manane anaamka analia ananitafuta. Asubuhi saa 12 na nusu yuko macho. Mchana hana shida kabisa, akitoka chekechea anacheza weee, ikifika saa 10 anapitiwa na usingizi hapo kwenye kochi mpaka saa 12 kasorobo, na mimi ndo napata nafasi ya kupika. Nimemtisha na zimwi, nimemuachia katuni kwenye simu achoke mwenyewe, wapi. Baba yake anasema fimbo moja tu inatosha. Juzi nimemfokea mpaka nikaenda kulia chooni. Nisaidie anti.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na hayo machozi ya chooni usiyaonee aibu, wengi tumelia humo.

Sasa kuna kitu umekitaja juu juu ukapita, mimi nimekishika hapo hapo. Kochi. Hebu piga hesabu na mimi: kuanzia saa 4 kasorobo usiku mpaka saa 12 na nusu asubuhi ni masaa 8 na dakika 45, ongeza saa moja na dakika 45 za pale kwenye kochi, unapata masaa 10 na nusu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa miaka 3 mpaka 4 anahitaji masaa 10 mpaka 13 kwa siku nzima, na usingizi wa mchana umo humo humo kwenye hesabu. Kwahiyo mwanao usingizi wake anaupata, ila anaupata kwa saa ambazo wewe hazikusaidii. Mtoto ameamka saa 12 kasorobo jioni, saa 2 unamwambia lala, mwili wake unamjibu ndo kwanza nimeamka. Yale maji na kojo na mguu kuwasha sio ujeuri, ni mtoto aliyelazwa kwenye giza hana usingizi na hajui afanye nini na nafsi yake.

Kwahiyo tuanze na kochi kabla ya kitanda. Mlaze mapema zaidi mchana, awe ameshaamka ifikapo saa 9, na asizidishe saa moja. Kama ratiba ya chekechea hairuhusi basi mfutie kabisa huo usingizi wa jioni, maana watoto wengi wanauacha kati ya miaka 3 na 5 na wako salama. Siku za kwanza kuanzia saa 10 hivi atakuwa na kisirani, mtoe nje, mpe maji achezee, mshirikishe kazi, usimuache akae pale kwenye kochi. Najua hiyo nafasi ya kupika utaipoteza kwa muda, ila utaipata usiku.

La pili litakushangaza. Usimlaze saa 2, mlaze saa 3 na nusu. Ndio, umesoma sawa. Anza pale mwili wake unapokaribia kulala kweli, ili kitanda akizoee kuwa sehemu ya kusinzia na sio uwanja wa kubishana na mama. Ukiona usiku mitatu minne mfululizo amelala ndani ya dakika 15 au 20, rudisha nyuma robo saa, tulia hapo siku kadhaa, rudisha tena robo saa, mpaka ufike kwenye saa unayoitaka. Ila asubuhi muamshe saa ile ile, hata wikiendi, hata kama jana alichelewa, ukimuachia alale mpaka saa 3 asubuhi umeharibu kazi ya wiki nzima.

Simu iondoke. Mwanga ukiingia machoni usiku ubongo unachelewa kutoa melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na macho ya mtoto mdogo yanapitisha mwanga mwingi kuliko ya kwetu sisi wakubwa. Kwahiyo ukimpa katuni achoke unamuamsha. Lisaa limoja kabla ya kulala zima tivi, simu weka mbali, punguza na taa za nyumba. Halafu mambo ya kulala yafuatane vile vile kila siku: kuoga maji ya vuguvugu, nguo za kulala, mswaki, choo, maji ya kunywa, stori mbili, taa. Nusu saa inatosha. Maji na choo nimeviweka kabla ya stori makusudi, ili akiviomba baadae uwe na jibu.

Tuje kwenye mkono wako sasa. Binadamu wote usiku tunazinduka kidogo kidogo kila mzunguko mmoja wa usingizi ukiisha, tunajigeuza tunaendelea, asubuhi hata hatukumbuki. Mwanao akizinduka anakagua, mkono niliolala nao uko wapi? Haupo. Hapo lazima alie, hata wewe ungelala na shuka ukazinduka umefunuliwa ungeitafuta. Dawa yake ni ajifunze kusinzia bila huo mkono, ila polepole, usimkatie ghafla. Siku tatu za kwanza usilale nae, kaa pembeni ya kitanda, mkono mgongoni basi. Zikipita kaa hapo hapo bila kumshika. Kisha sogeza kiti katikati ya chumba, kisha mlangoni, kisha nje ya mlango ambapo anakusikia tu. Wa kwangu wa mwisho nilimfanyia hivi hivi, nilikuwa nakaa kwenye stuli mlangoni na beseni la nguo nakunja, simuangalii, simuongeleshi, anasikia tu nguo zinavyokunjwa fwaa, fwaa, na kabla sijamaliza mashati kalala. Ilituchukua kama wiki tatu.

Ukishafika hatua ya kutoka chumbani mwambie "narudi kukuona sasa hivi" na urudi KWELI, tena urudi kabla hajakuita, dakika mbili, kisha tano, kisha kumi. Mtoto akiwa na uhakika unarudi haoni sababu ya kukuvizia mlangoni. Na kwa vile mambo yake ya kuomba omba ni mengi, mkatie kadi ndogo aichore mwenyewe, mwambie hii ni ya kutoka au kuomba kitu mara moja tu, akishaitumia unaichukua mpaka kesho. Utashangaa wengine wanalala wameishika mkononi hawajaitumia. Akitoka tena mrudishe kitandani kwa sentensi ile ile fupi, "usiku ni wa kulala, nakupenda", bila stori, bila hasira. Usiku wa pili au wa tatu anaweza kulia zaidi ya mwanzo, ni kawaida, anajaribu kama mlango bado unafunguka, ukilegea hapo umemfundisha kwamba akilia sana anapata.

Kuhusu zimwi, mwanangu naomba uliache leo leo. Umemwambia kwenye giza kuna kitu cha kutisha, halafu unamtaka abaki humo peke yake? Na baba yake umsomee hapa: mtoto akichapwa mwili unajaa homoni za hofu, moyo unaenda mbio, na huo ni mwili wa kukimbia sio wa kusinzia. Mwambie anti kasema yeye achukue zamu ya stori, na msimamo wenu uwe mmoja.

SWALI: Anti, binti yangu ana mwaka na nusu, jirani kanishauri nimpe sirapu ya mafua kidogo usiku alale. Ni salama?

JIBU: Hapana baba, usimpe. Hizo dawa kusinzisha ni athari yake ya pembeni tu, sio kazi yake, na kwa mtoto mdogo zinaweza kumletea shida ya kupumua, wengine badala ya kulala wanachachamaa usiku kucha. Kama ulishampa na unaona hapumui vizuri au haamki kirahisi, kimbia hospitali.

SWALI: Wangu ana miaka minne, kama masaa mawili baada ya kulala anakaa ghafla anapiga makelele, macho wazi ila hanioni, nikimshika ananisukuma. Asubuhi hakumbuki. Kuna walioniambia ni mashetani. Na anakoroma sana.

JIBU: Sio mashetani dada yangu. Mtoto ametoka nusu kwenye usingizi mzito, ubongo mwingine bado umelala. Inatokea sana mwanzo wa usiku, na inazidi akiwa amechoka kupita kiasi au ana homa. Usimuamshe, usimtikise, kaa karibu asianguke, dakika chache zitapita atalala mwenyewe, na mlaze mapema kidogo kuliko ulivyozoea. Ndoto mbaya ni tofauti, ile inakuja zaidi kuelekea asubuhi, anaamka kweli, anakujua na anataka umkumbatie, basi mkumbatie.

Hilo la kukoroma ndo limenishtua zaidi. Kama anakoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, au pumzi inakata kidogo halafu anashtuka, inaweza kuwa nyama za nyuma ya pua au mafindo yamekuwa makubwa yanabana hewa, na usingizi unaokatika katika hivyo unaweza kuleta hata hayo makelele. Leo usiku mrekodi na simu dakika mbili akiwa anakoroma, kifua kionekane, uende na hiyo video kwa daktari.