Nilitumia pesa nyingi kunyoosha mgongo usiopaswa kunyooka

Jumapili usiku msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia. Anataka kuingia kwenye mitumba, anauliza mtaji wa kuanzia na jinsi ya kupata nguo za kamera, zile za daraja la kwanza, bila kutapeliwa. Mwisho kabisa akachomekea: "Halafu kaka, mgongo unaniuma nikiinama kuchagua nguo. Ni kawaida?"

Dada yangu, ya mtaji tutayaongea. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, maana mimi pia nililiweka mwisho mpaka likanipokonya kibanda.

Ilikuwa 2019, soko la mitumba la Gikomba, Nairobi. Beli moja, yaani robota la nguo, kilo 45, na vijana wa kubeba walikuwa wanataka mia. Nikaona, mia ya nini na mimi nina mabega? Kusema kweli nilipenda pia watu wanione. Ijumaa moja alfajiri nikainama miguu ikiwa imenyooka, nikaikumbatia beli, nikageuka nayo kabla sijasimama sawasawa. Kiuno kikalia ta! Nikabaki pale nimeinama, vidole vimenasa kwenye kamba ya beli, watu wananipita wakidhani natafuta sarafu iliyoanguka. Kufikia jioni maumivu yalikuwa yameshuka takoni, nyuma ya paja, mpaka kidole kidogo cha mguu.

Kuanzia hapo kila mtu alitaka ninyooke. Mama mkwe akasema nilale sakafuni. Jirani akaleta mzee wa kukanda, akanivuta miguu kama anayeng'oa muhogo. Zahanati moja wakanidunga sindano wakaniambia nikanyooshe mgongo wiki tatu. Nikaunyoosha! Wiki ya pili mwenzangu niliyefungua naye kibanda akamwambia mwenye nyumba kwamba nimeacha biashara. Habari hiyo niliipata kwa mteja. Mguu ulipona, hiyo bado.

Aliyenisaidia ni daktari wa mazoezi, mama mmoja mwenye uti wa mgongo wa plastiki umening'inia kando ya meza. Akanipa niushike. Nikauhesabu kama ninavyohesabu mashati: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile 5 zilizoungana katikati ya nyonga, na vifupa vya kifandugu chini kabisa. (Twiga wa Lang'ata, na shingo yote ile, naye ana 7 tu.)

"Mbona huu wenu umepinda?" nikauliza.

"Baba Neema, huo ndio mzima."

Shingo inaingia ndani, kifua kinatokeza nyuma, kiuno kinaingia tena. Mti ulionyooka ungepeleka kishindo cha kila hatua moja kwa moja kichwani. Mikunjo hiyo inakimeza, kama springi za matatu zinavyomeza mashimo. Kati ya pingili mna diski, ukingo mgumu nje na kitu laini kama jeli ndani. Ukiinama na mzigo huku ukijipinda, jeli inasukumwa kuelekea nyuma, na huko nyuma ndiko neva ziendazo mguuni zinapotokea. Kumbe kidole changu hakikuwa na kosa.

Halafu akaniuliza mtoto wangu ana umri gani. Miezi minne. Akasema mtoto huzaliwa mgongo wake ukiwa mkunjo mmoja tu, kama upinde. Wa shingo huja akianza kuinua kichwa, wa kiuno akikaa na kutembea. Nikakumbuka zile wiki tatu: Neema kifudifudi kando yangu, kichwa kinatikisika, kinaanguka kwenye shuka, anakiinua tena. Mtoto alikuwa anajijengea mgongo, mimi baba mtu nalala nikiuharibu wangu kwa kukaa bure. Diski zilizovimba namna ile nyingi hutulia zenyewe baada ya wiki kadhaa, ila mwili unataka kutembeatembea, si kulala kama gogo.

Sasa nyinyi mnaotaka vibanda vitatu kabla ya miaka thelathini, kama nilivyotaka mimi, nisikilizeni. Chuchumaa, leta mzigo tumboni, geuka kwa miguu wala si kwa kiuno. Lipa hiyo mia. Narudia, lipa hiyo mia! Meza ya kuchagulia nguo iinue ifike kiunoni, hata kwa kreti za soda. Usikae saa nne mfululizo bila kusimama. Na mzigo, tumboni. Ukianza kufa ganzi sehemu za siri, au mkojo ukakushinda kuzuia au kutoka, usimtafute mzee wa kukanda. Ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Dada wa Kayole, anza na hiyo meza, kabla ya beli.

Mimi siku hizi nina vibanda viwili, na beli sijabeba tena. Yule mwenzangu bado yuko pale pale kwenye kibanda chetu cha zamani, na wiki jana nimemwona akishuka kwenye matatu, mkono mmoja umeshika kiuno. Namba yangu anayo.