Mpe mtoto 10,000, muende Soko la Mwanga, Kigoma

Kwenye daftari, jibu likikosewa linawekewa kosa basi. Sokoni, hesabu ikikosewa nyanya zinabaki mezani kwa muuzaji. Ndiyo maana tunashauri mtoto wa miaka tisa au kumi apewe noti halisi ya shilingi 10,000 na kazi halisi: mboga na ugali wa leo. Mfuate, ila kaa hatua mbili nyuma.

Aanze nyumbani na karatasi. Bei hizi ni za mfano, akaziulize upya: unga wa muhogo kilo 2 kwa 1,500, ni 3,000; dagaa kopo moja 2,500; mawese nusu lita 2,000; nyanya mafungu mawili ya 500; vitunguu 500. Jumla 9,000. Ile 1,000 iliyobaki isipangiwe kitu, kwa sababu bei ya jana si ya leo. Unga ununuliwe kwanza. Watoto wengi huanza na mafungu ya 500, 500, wakifika kwenye unga pesa imekatika.

Fungu ndilo somo lenyewe. Nyanya 4 kwa 500 ni 125 kila moja. Nyanya 6 kwa 1,000 zinakaribia 167. Mtoto huona fungu kubwa akadhani ni nafuu. Mwache agawanye mwenyewe, kisha alinganishe na ukubwa wa nyanya, maana idadi peke yake hudanganya.

Dagaa wana hesabu yao. Walioanikwa mchangani hubeba mchanga, na kwenye mizani mchanga huo unalipiwa bei ya dagaa. Awapekeche kiganjani kabla ya kuuliza bei. Tena, wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi haziwavuti dagaa vizuri. Mzigo unapungua Kibirizi, wavuvi wanakoshushia dagaa, na bei inapanda. Mwonyeshe mwezi usiku, akadirie bei ya wiki hiyo.

Kwenye chenji, kutoa kwa kukopa humchanganya akiwa amesimama mbele ya muuzaji. Ahesabu kwa kupanda. Amenunua vya 7,300 na ametoa 10,000: 200 inafika 7,500, 500 inafika 8,000, 2,000 inafika 10,000. Chenji ni 2,700, na aihesabu kabla hajaondoka pale.

Pesa ikipungua, mzazi huwa na haraka ya kuongeza. Usiongeze, hata akikutazama kwa huruma. Kama vitunguu vimekosekana, dagaa wapikwe bila vitunguu.