Kiti ni cha binti, si cha mama yake: kumteua mtu mwenye ulemavu wa akili katika baraza la wilaya

SWALI: Mimi ni afisa maendeleo ya jamii katika wilaya moja ya mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka. Katika baraza letu la watu wenye ulemavu, upande wa ulemavu wa akili umewakilishwa na wazazi miaka yote. Safari hii kikundi kimemtaja binti wa miaka 27 mwenye Down sindromu. Anauza mboga sokoni pamoja na mama yake, anaongea Kisamia na Kiswahili, kusoma anajua kidogo sana. Wajumbe wawili wanapinga: wanadai kisheria hana akili timamu, na kwamba mama yake angefaa zaidi. Je, anaweza kuteuliwa? Na tukimteua, tufanyeje asije akawa pambo la kikao?

JIBU: Ndugu afisa, anaweza. Barua ya uteuzi ni karatasi moja tu, haitakusumbua. Kazi iko kwenye kabrasha la kikao (yaani karatasi wanazopewa wajumbe kabla ya mkutano), nauli, na mtu atakayekaa naye siku mbili kabla ya mkutano. Nitaanza na sheria kwa kuwa ndiyo wapinzani wako wameishika, kisha tutakaa kwenye hayo mengine.

Watu wengi huchanganya vyombo viwili. Madiwani wawili wa watu wenye ulemavu katika halmashauri, mmoja wao mwanamke, huingia kwa uchaguzi chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Wabunge watano wa kundi hilo nao huchaguliwa. Baraza lenu ni chombo kingine kabisa, linatokana na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya sheria ya 2006 na ile ya baraza ya 2003. Kazi yake kubwa ni kufuatilia na kushauri. Kwa hiyo mtu akileta hoja za sifa za diwani au mbunge, mwambie arudi kwenye sheria ya baraza lenyewe.

Maneno ya kutokuwa na akili timamu yamo katika Katiba, Ibara ya 80(2)(a), na pale yanahusu ubunge. Hata pale hayasemi kwamba kila mwenye ulemavu wa akili yumo. Down sindromu ni kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada. Si hukumu ya mahakama juu ya akili ya mtu. Tena Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 25 Septemba 2008. Ibara ya 12 ya mkataba huo inamtambua kila mtu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine na inaitaka serikali impe msaada wa kuutumia. Ibara ya 29 inahusu kushiriki maisha ya umma.

Basi fanya hivi: waombe wajumbe hao wawili waandike pingamizi lao, wataje kifungu wanachokitegemea, kisha pingamizi liingie kwenye kumbukumbu na mwanasheria wa serikali atoe maoni kwa maandishi. Mara nyingi pingamizi la mdomo hufifia likitakiwa kuandikwa. Ila usikubali binti apelekwe hospitali kupimwa akili ili apate kiti. Kama kanuni zinataka uthibitisho wa aina ya ulemavu kwa wajumbe wote, sawa, na yeye alete. Kipimo cha kuona kama anafaa hakijawekwa kwa mjumbe mwingine yeyote, na kumwekea yeye peke yake ni ubaguzi.

Sasa kuhusu mama. Mzazi ana mambo yake ya kutetea: uchovu wa kulea, ada ya shule, hofu ya nani atamtunza mwanawe yeye akifa. Mambo hayo ni ya kweli na yanastahili kusikika. Lakini si yale ambayo binti angeyasema: kwamba wateja humlipa pungufu wakidhani hajui hesabu, kwamba kliniki humwuliza mama badala ya kumwuliza yeye, kwamba anataka simu yake mwenyewe. Marekani walilitenganisha hili kwa sheria. Katika mabaraza ya majimbo ya ulemavu wa ukuaji (ule unaoanza kabla ya utu uzima, ukiwemo wa akili), chini ya sheria yao ya mwaka 2000, angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu wenye ulemavu huo na jamaa zao. Katika kundi hilo theluthi ni wenye ulemavu wenyewe, theluthi ni wazazi, ndugu wa karibu au walezi, na theluthi iliyobaki ni mchanganyiko. Asilimia zao hazituhusu. Tunachoweza kuchukua ni huo mgawanyo: kiti cha mzazi hakihesabiwi kuwa kiti cha mwenye ulemavu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ilisema jambo la aina hiyo mwaka 2018: katika vyama vya watu wenye ulemavu wa akili, kazi ya wazazi ni kuwasaidia na kuwatia nguvu wenyewe washike usukani.

Kabla ya kuandika barua, pata ridhaa yake yeye. Hapa ndipo watu wazima kwa vijana hukosea. Mtu aliyelelewa kwa kuitikia kila kitu atakujibu "ndiyo" hata asipotaka, maana maisha yake yote "ndiyo" ndiyo iliyomletea amani. Mwulize mara mbili, siku tofauti, na swali uligeuze. Siku ya kwanza: "Unataka kukaa kwenye baraza?" Siku ya pili: "Ungependa mtu mwingine akae, wewe uendelee na soko?" Akiitikia yote mawili, hajakubali bado, hajaelewa. Mpeleke akaone kikao kimoja kama mgeni, kisha uliza tena. Anayeuliza asiwe mama yake wala wewe unayetaka jibu. Mweleze pia kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikubali anaweza kuacha baadaye.

Kikundi kilichomtaja kikae, kiandike kumbukumbu zenye orodha ya waliohudhuria, na kitoe majina mawili, sio moja. Kama nafasi rasmi ni moja, wa pili awe wa akiba na ahudhurie mafunzo yote. Mjumbe mmoja mwenye ulemavu wa akili kati ya watu wazima wanaoongea haraka hunyamaza. Wakiwa wawili huanza kuulizana, na kuulizana huko huwafungua kinywa. Angalia pia kikundi kisiwe kinamtaja yule tu anayeongea vizuri. Yupo asiyeongea anayeonyesha picha kwa kidole, na huyo naye ana la kusema.

Nyaraka: kitambulisho cha taifa, na mapema. Watu wengi wenye ulemavu wa akili hawakuandikishwa kwa sababu familia iliona hawatakihitaji. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini posho yake itatumwa kwenye namba ya mama au kaka. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndipo jambo linapoharibika kimyakimya: kwenye karatasi mjumbe amelipwa, mkononi hajaona shilingi. Laini iwe yake, namba ya siri aijue yeye, na mara ya kwanza msaidizi amsindikize kwa wakala amwonyeshe anavyotoa pesa na kuzihesabu. Kusaini kwa dole gumba kunatosha.

Msaidizi achaguliwe na binti mwenyewe. Ikiwezekana asiwe mama, na asiwe mjumbe wa baraza, maana mjumbe ana kura na maslahi yake. Anakaa pembeni yake, si mbele yake. Hapigi kura, hajibu badala yake. Anamnong'oneza maana ya neno, anamkumbusha walilokubaliana, anamwombea mwenyekiti asubiri. Aweke ahadi ya kutunza siri kwa maandishi. Mweke kwenye bajeti tangu mwanzo: kila kikao ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, vyakula viwili, nauli ya siku ya maandalizi, na kuchapisha kurasa sita hadi nane. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini usingoje Juni. Kalipeleke ombi kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya, ambao kwa kawaida hufanyika Oktoba au Novemba. Ukichelewa, msaidizi atakuja vikao viwili kwa moyo wake na cha tatu hatakuja.

Tuje kwenye kabrasha, ambalo ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Chukua ajenda moja kama ilivyo kawaida yetu kuiandika: "Kupokea na kujadili taarifa ya utekelezaji wa ruzuku maalumu kwa robo ya tatu." Hata mimi nikiisoma sijui natakiwa kuamua nini. Hiyo hiyo, kwa maandishi rahisi, ingekuwa hivi (hesabu ni za mfano):

Serikali hutoa pesa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu.
Pesa hizi zinaitwa ruzuku maalumu.
Vikundi 9 viliomba pesa.
Pesa zinatosha vikundi 4.
Leo tunaamua: vikundi gani vipate kwanza?
Njia ya 1: vikundi ambavyo havijawahi kupata.
Njia ya 2: vikundi vilivyotumia vizuri pesa za mwanzo.
Wewe unaona njia gani ni nzuri? Kwa nini?

Utaona kwamba sikufupisha maneno tu. Nimelitoa swali lililokuwa limejificha. Makatibu wengi hukosea hapo: wanapunguza sentensi, wanaongeza picha, lakini uamuzi unaotakiwa hauonekani popote. Sentensi moja ibebe wazo moja. Herufi ziwe za ukubwa wa 14 au zaidi, picha kushoto, maneno kulia. Tumia picha halisi: soko lenu, jengo la wilaya, noti za shilingi. Katuni za watoto wa chekechea humdhalilisha mtu wa miaka 27. Usijaribu kurahisisha ajenda zote. Chagua zile mbili au tatu zinazohitaji uamuzi. Kwa kuwa huyu anasoma kidogo, karatasi hiyo hiyo isomwe kwa sauti kwa Kisamia au Kiswahili na kurekodiwa kwenye simu, aisikilize sokoni mara anazotaka. Kutojua kusoma hakumwondolei sifa.

Kabla ya kuituma, mpe mtu mwingine mwenye ulemavu wa akili aisikie, kisha umwombe akusimulie kwa maneno yake. Akikosea, kosa ni la karatasi. Irekebishe. Imfikie mjumbe siku kumi kabla, na siku mbili kabla ya kikao akae na msaidizi saa moja hadi saa moja na nusu wapitie na kufanya mazoezi: atakavyonyoosha mkono, atakavyosema, atakavyopiga kura.

Siku ya kikao, mpe kadi tatu. Nyekundu: subirini, sijaelewa. Njano: punguzeni mwendo. Kijani: naunga mkono. Wape wajumbe wote, si yeye peke yake. Mara nyingi wa kwanza kuinua nyekundu huwa ni mtu mwingine ambaye miaka yote aliona aibu kuuliza. Mwenyekiti akimwuliza swali asubiri sekunde kumi kamili kabla ya mtu mwingine kuingilia. Kumi ni nyingi chumbani, mtaziona ndefu, hesabuni tu. Kabla ya kura mwenyekiti arudie swali kwa sentensi moja. Pumzikeni kila dakika 45. Kama kikao kinaendeshwa kwa Kiingereza, tafsiri ifanyike hapohapo, si mwishoni.

Kumbukumbu ziandike alichosema. "Alikuwepo" haitoshi. Baada ya vikao vitatu zifungue zote: kama jina lake linaonekana tu kwenye orodha ya mahudhurio na kwenye picha na mgeni rasmi, mmerudi kwenye pambo ulilokuwa unaliogopa, na pa kutafuta sababu ni kabrasha, msaidizi au mwenyekiti. Kosa jingine ni kubadilisha tarehe kwa simu usiku wa kuamkia kikao. Wengine mtaweza. Yeye amejiandaa kwa Jumanne, na Jumanne hiyo ikigeuka Alhamisi, maandalizi yake yamekwenda. Ikibidi kubadilisha, msaidizi apewe angalau siku tatu.

Mama yake usimwache nje. Kama kanuni zenu zinatoa nafasi ya wazazi, aiombe kwa jina lake mwenyewe. Wakiwa wote wawili ndani ya baraza, wakae pande tofauti za meza, na mtu akimwuliza mama "mwanao anasemaje?", mwenyekiti amgeuzie binti lile swali.